Tashbihi au sitiari: ipi itakufaa?

Hapa Goma, chukudu ni kigari cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo. Niandike "chukudu ni kama punda wa mji" (tashbihi) au "chukudu ni punda wa mji" (sitiari)?

Kwa kueleweka upesi, tashbihi inashinda. "Kama" au "mithili ya" humwonyesha msomaji kwamba unalinganisha, na unaweza kutaja sifa yenyewe: "Mikono yake ilikwaruza kama makoro ya ukuta wetu." Hata asiyewahi kugusa makoro, yaani mawe ya volkano, ataihisi.

Kwa nguvu, nachagua sitiari. Volkano yetu, Nyiragongo, ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, kuandika "mlima ulikuwa kama jirani mwenye hasira" kunamwacha msomaji nje. Andika "jirani yetu wa kaskazini aliamka jioni", naye anaanza kufunga mizigo pamoja nasi. Ila kama hujautaja mlima kwanza, atadhani ni mtu.

Zote huchakaa. "Mweupe kama theluji" naifuta kila ninapoikuta. Afadhali povu la ziwa Kivu: liko hapo chini, tunaliona kila siku. Sitiari iliyochoka hugeuka neno la kawaida tu, kama "mguu wa meza".

Ukiwaandikia wageni, au watoto wa msingi, shika tashbihi. Shairi la kusomewa watu wa mtaa wa Birere, waliokimbia usiku ule wa mlipuko, litabeba sitiari bila maelezo.