Casio F-91W ya dogo, mwaka wa pili sasa

Aisee mi nilianza kwa kumnunulia mwanangu saa ya kung'aa, ile yenye mishale kibao ambayo mingine hata haizunguki, miezi mitatu tu rangi ishababuka na mkanda umekatika, kampuni siitaji. Ndo nikaangukia hii F-91W, modeli ya tangu 1989 na bado inatengenezwa, nyepesi mno, gramu 21 hivi, dogo anasahau kama kaivaa. Analala nayo, mpira anacheza nayo, ukutani ishagonga mara kibao. Kioo ni plastiki kwa hiyo kinachubuka lakini hakipasuki hovyo, na mikwaruzo midogo nikiisugua na dawa ya meno inafifia kabisa.

Betri ni CR2016, kampuni wenyewe wanasema kama miaka 7, yaani mambo ya kuchaji kila usiku hamna.

Sasa taa yake jamani! Kataa kadogo ka kijani upande wa kushoto, gizani tarakimu za mwanzo unaziona zingine unabahatisha. Na maji, ile "water resist" maana yake mvua na kunawa, sio kupiga mbizi, na usibonyeze vitufe ikiwa imelowa. Mwaka mrefu pia haiujui, kwake Februari ni siku 28 tu basi, unarekebisha mwenyewe.

Kama wako ni muogeleaji chukua iliyoandikwa mita 100, mfano W-800H, ila ile ni nene kidogo, kwa mkono mwembamba mjaribishe kwanza.