Ofisi ya ushauri wa ajira chuoni kwetu: "Huna hata mjomba mjini?"

Hili nimelibeba tangu nikiwa mwaka wa pili, na kila nikilikumbuka hasira zinapanda upya.

Chuo chetu kina ofisi ya ushauri wa taaluma na ajira. Siku za kupokelewa mwaka wa kwanza tuliambiwa ukikwama masomo au maisha, nenda pale. Nikaamini. Kwetu hakuna aliyewahi kufika chuo kikuu. Baba analima pamba Maswa, na wa kumuuliza fildi, yaani mafunzo ya vitendo kazini, inatafutwaje sikuwa naye.

Nasoma uhasibu. Nilikuwa nimepeleka barua tano za kuomba fildi, hakuna aliyenijibu hata "hapana". Nikachukua nakala zake, nikaenda nioneshwe nilipokosea. Nilikaa kwenye benchi asubuhi nzima, wakaenda kula, wakarudi. Nilipoingia, mama mshauri wa pale hata hakuzipokea barua. Macho yake yalikuwa kwenye simu. Akaniuliza, "Huna hata mjomba mjini?" Nikasema sina. "Basi mwanangu, utahangaika sana." Akaita anayefuata.

Mwanangu! Mtoto wako angerudi na barua tano mkononi ungemwambia hivyo? Na mimi ningekuwa na mjomba, ningekuja kushinda njaa kwenye benchi lako kutafuta nini? Nilitoka nikapita nyuma ya maktaba, nikalia.

Nikiishia hapo nitakuwa sijatenda haki, kwa sababu ofisi hiyohiyo ndiyo inayoandaa vipindi vya jioni kwa wenye sapu, yaani mtihani wa marudio, na mimi nilikuwa na sapu ya takwimu. Alikuja mwalimu msaidizi, kijana tu. Tulikuwa sita, tukakaa kibarazani naye mpaka mbu wakatushinda. Hakumwambia mtu "hili si mlilisoma fomu siksi". Alirudia mada ya uwezekano mara nne, kila mara kwa mfano mwingine, hadi nikaelewa. Sapu niliitoa. Kwa huduma hiyo peke yake ningewapa nyota zote.

Jioni moja nikamwonesha zile barua. Hazikumchukua hata dakika kumi. Sikuandika tarehe ya kuanza na kumaliza, zote nilizielekeza kwa "Meneja" bila kutaja idara, na kubwa zaidi, sikuambatanisha barua ya utambulisho ya chuo. Akasema bila hiyo watu wengi hawaendelei hata kusoma. Akatueleza na mambo ya mbele, kwamba kazi za serikali zinaombwa kwenye Ajira Portal, uwe na namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, vyeti vithibitishwe na wakili au hakimu, na mhasibu akimaliza digrii bado ana mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu, akitaka CPA, yaani kuthibitishwa kuwa mhasibu kamili. Hayo yote niliyapata kibarazani.

Nikauliza barua ya utambulisho inatolewa wapi. Inatolewa na ofisi ileile! Nilipoifuata nikazikuta zimepangwa mezani kwa yule mama, zina mhuri tayari, bado kujazwa jina. Zilikuwa karibu na simu yake. Siku ile nilisimama mbele ya kitu nilichokuwa nakihitaji, nikaulizwa habari za wajomba.

Kwa hiyo sijui niwape nyota ngapi. Nilipoanza kuandika nilitaka kusema msikanyage pale. Nilipofika kwa yule mwalimu nikasema nendeni. Sasa nimekumbuka zile barua na mkono unatetemeka. Nendeni jioni. Mchana, hapana.

Fildi niliipata halmashauri, kitengo cha mapato, kwa barua ya sita.

Juzi nimepita pale, benchi limejaa mwaka wa pili. Nikawainamia, nikawaambia ukiingia tu, kabla hajakuuliza chochote, sema umefuata barua ya utambulisho. Ziko mezani.