TAHADHARI: Bolti feki za miguu ya gari zinauzwa Mtwara

Ndugu zangu wenye magari ya zamani huku Mtwara na Lindi, fungueni macho. Kuna jamaa anapita gereji kwa gereji na mfuko wa bolti, anasema ni orijino za Japani. Ni uongo, na uongo huu utaua watu.

Mchezo wenyewe uko hivi. Upepo wa bahari huku kwetu una chumvi, kwa hiyo bolti za mikono ya chini ya miguu ya mbele hushikana kutu ndani ya bushi (vile vikombe vya raba na chuma zinamopita) mpaka spana haizitikisi. Fundi aliyekula njama naye anachungulia tu, anasema "hii haitoki", anawasha grenda. Bolti ikishakatwa, gari liko juu ya jeki na wewe huna pa kukimbilia. Hapo muuzaji anatokea na bei anayoitaka.

Nimefungua pikapu ya mteja mmoja anayebeba chumvi. Kichwani bolti imeandikwa 10.9, yaani daraja la chuma kigumu, lakini tarakimu zimegongwa kwa mkono, ile 9 imelala upande, na alama ya mtengenezaji haipo. Nilipojaribu kuikaza, nati ikawa inazunguka tu bila kubana, maana chuma ni laini na nyuzi zimeshavutika. Tena pale penye bolti ya alaimenti, ile ya kurekebisha mkao wa tairi, yenye kisahani kilichokaa upande, wamechomeka bolti ya kawaida! Tairi limelika lote kwa ndani. Bolti kama hiyo ikikatika ukiwa kasi barabara ya Mingoyo, gurudumu linajikunja na usukani haukusaidii kitu.

Usikubali grenda itangulie. Bolti inyunyiziwe dawa ya kutu, ilale nayo usiku kucha, asubuhi igongwe nyundo. Ikazwe kidogo kwanza, ndipo ifunguliwe. Ikigoma, nati ipashwe moto, ila kwa uangalifu mkubwa karibu na paipu za breki na mafuta. Raba ya bushi nayo itaungua, kwa hiyo uwe na bushi mpya mkononi. Ikibidi kukata, sawa, lakini spea kanunue mwenyewe dukani kwa namba ya chasisi, udai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Huyu jamaa risiti hatoi kabisa, na bila risiti malalamiko yako TBS (Shirika la Viwango) au FCC (Tume ya Ushindani) yatakuwa magumu.

Bolti za ile pikapu ninazo, sizitupi. Kama gari lako limebadilishwa bolti za miguu na hukuona zimetoka duka gani, fundi unayemwamini azikague vichwa kabla hujasafiri.