Mwalimu wa fimbo nyeupe alivyotufundisha hata sisi tunaoona: uzoefu wangu

Baba yangu ameshona kanzu pale Ngamiani, Tanga, kwa zaidi ya miaka 30. Presha ya macho ilimla uoni polepole kuanzia pembeni, mwenyewe hakujua mpaka alipoanza kujigonga milangoni. Hospitali tuliyompeleka walisema uoni uliopotea haurudi, aendelee na dawa ya matone kulinda uliobaki. Hilo ni kweli, sina ugomvi nalo. Kinachoniuma ni kwamba hakuna aliyetuambia kuna watu ambao kazi yao ni kumfundisha mtu kuishi bila kuona. Tukakaa mwaka na nusu tunamlisha, tunamvalisha, tunamwambia "Baba, wewe kaa tu."

Mwalimu tulielekezwa na jirani yetu ambaye naye haoni. Alikuja kila wiki, mara 12 kwa jumla, nasi tulimlipia nauli tu. Siku ya kwanza hakuanza na Baba. Alichukua mtandio wangu, akanifunga macho, akaniambia niende chooni, humo humo kwenye nyumba niliyozaliwa. Nikajikwaa kwenye ndoo niliyoiacha mwenyewe asubuhi. Tangu siku hiyo ukumbini hapaachwi kitu, na mlango ama uwe wazi kabisa ama ufungwe.

Tulikuwa tunamsukuma Baba mabegani kutoka nyuma. Kumbe yeye ndiye anayetakiwa kutushika, juu kidogo ya kiwiko, nasi tutangulie nusu hatua. Ngazi anaijua kwa jinsi mkono wako unavyopanda au kushuka.

Kwenye chakula mwalimu alitumia uso wa saa: sahani ndiyo saa, na kila chakula kina mahali pake kwenye saa hiyo. "Mzee, samaki yuko kumi na mbili." Baba akapeleka mkono upande wa kifuani kwake, akagusa wali. Mwalimu alikuwa anasoma namba iliyoandikwa kwenye uso wa saa, Baba anasoma saa kwa Kiswahili, na kwake saa kumi na mbili mshale mfupi uko chini. Wakakubaliana wafuate saa ya Baba. Sasa Mama akitenga sahani anasema tu, "Samaki saa sita, mchicha saa tisa," na Baba anakula mwenyewe, hamwagi kitu.

Kilichomfurahisha zaidi ni uzi. Mwalimu alipojua kuwa ni fundi, alimpa sindano iliyokwisha kutungwa, akamwambia aweke alama kwenye nguo zake: fundo moja kanzu nyeupe, mawili ya kahawia. Alizimaliza zote jioni ile ile.

Simu ilichukua muda mrefu. TalkBack, programu inayosoma kwa sauti yaliyo kwenye kioo cha simu, imo ndani ya simu za Android na hailipiwi: unagusa mara moja isome, unagonga mara mbili ifungue. Sauti ya Kiswahili ipo, ingawa Baba anasema inaongea kama mgeni. Tatizo liko kwenye menyu za kutuma pesa. Zinajifunga kabla hajamaliza kusikiliza, na asipovaa spika za masikioni aliye karibu anaweza kusikia namba ya siri. Hapo bado anahitaji mtu anayemwamini.

Huduma yenyewe ina upungufu. Mwalimu ni mmoja na wanaomsubiri ni wengi. Sisi tulingoja miezi minne. Mara 12 hazikutosha kwa fimbo nyeupe, ile ya kupapasia njia. Uani kwetu anaitumia vizuri, lakini barabarani, bodaboda zikiegeshwa njia ya miguu, bado namsindikiza. Na Mama, aliyelia usiku mwingi peke yake, hakupata wa kuzungumza naye.

Hata hivyo ningemwita tena kesho. Mwalimu ndiye aliyetukalisha watoto wote akatueleza kwamba ugonjwa huu hufuata damu, twende tukapimwe hata kama tunaona vizuri. Kaka yangu akakutwa na presha ya macho. Anaweka matone kila usiku, na ikifika saa tatu, Baba ndiye anayempigia kumkumbusha.