Kozi ya kalkulasi ya mwaka wa kwanza: usahihishaji wa haki, majibu ya kuchelewa

Jambo la kwanza linalostahili sifa katika kozi hii niliyoimaliza ni kwamba hakuna mwanafunzi aliyeingia katika chumba cha mtihani bila kujua alama zake zingetolewaje. Mwongozo tuliogawiwa katika kipindi cha kwanza ulieleza kwamba mazoezi na majaribio yana asilimia 40, mtihani wa mwisho asilimia 60, na kwamba kila saa ya mhadhara inadai walau saa mbili za kujisomea. Dai hilo la muda ni la kweli kabisa, kwani waliolipuuza walianza kuachwa nyuma mara tu tulipotoka kwenye vikomo (thamani ambazo fomula hukaribia) na derivativu (kasi ya mabadiliko) tukaingia kwenye integrali, yaani kinyume cha derivativu, ambako kukariri kanuni hakumfikishi mtu mbali.

Ubora wa kozi, kwa maoni yangu, umo katika usahihishaji. Sehemu kubwa ya alama hutolewa kwa njia, hivyo aliyeteleza katika kujumlisha mstari wa mwisho hupoteza kidogo, ilhali aliyeandika jibu sahihi bila kuonyesha hatua huambulia alama moja au mbili tu. Katika jaribio mojawapo tuliulizwa kikomo cha (x + 1)/(x + 2) pale x inapokaribia 0. Baadhi walikimbilia kanuni ya L'Hôpital, inayotafuta kikomo cha sehemu kwa kugawanya derivativu ya juu kwa ya chini, wakatafuta derivativu ya juu na ya chini, wakapata 1, ingawa jibu ni 1/2 na linapatikana kwa kuweka 0 mahali pa x. Kanuni hiyo inataka kwanza juu na chini vyote vielekee 0, au vyote vikue bila ukomo, na hapa havifanyi hivyo. Msahihishaji aliwanyima alama zote za njia, akaandika pembeni sharti lililovunjwa. Wapo waliolalamika kwamba derivativu zao zilikuwa sahihi, lakini naona alitenda haki, maana kupima sharti ndiyo hisabati yenyewe. Hata alama moja iliyokatwa kwa kusahau C, namba yoyote isiyobadilika inayoongezwa mwishoni mwa jibu, katika integrali isiyo na mipaka ilikuwa na sababu: x² na x² + 5 zina derivativu ileile, 2x, na C ndiyo inayolitambua hilo.

Kasoro kubwa ni ucheleweshaji. Mazoezi yalirudishwa mara nyingi baada ya jaribio linalofuata kwisha, na maelezo mazuri ya pembeni yakawa hayana faida wakati yalipohitajika zaidi. Vipindi vya mazoezi navyo vilikuwa dhaifu, kwa kuwa msaidizi alitatua maswali ubaoni mwenyewe huku wanafunzi wakinakili.

Hata hivyo, naipendekeza kwa yeyote ambaye aljebra na trigonometria yake iko imara. Asiye na uhakika nazo azidurusu kabla ya muhula kuanza, kisha aombe maswali ya mitihani iliyopita pamoja na mwongozo wake wa usahihishaji, ambao idara hutoa kwa anayeuliza.