Lusitania na Khedive Ismail: ipi tunaikumbuka?

Lusitania inajulikana dunia nzima. Tarehe 7 Mei 1915, nyambizi ya Ujerumani, U-20, iliipiga meli hiyo ya Waingereza torpedo moja karibu na pwani ya Ireland. Ilizama kwa dakika 18. Wakafa karibu watu 1,200, wakiwemo Wamarekani zaidi ya 120.

Khedive Ismail nayo ilijengwa kubeba abiria, ila vita vikaigeuza meli ya wanajeshi. Februari 1944 iling'oa nanga Mombasa kuelekea Colombo, na watu takriban 1,500 ndani: askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, mabaharia, wauguzi. Tarehe 12 nyambizi ya Kijapani, I-27, ikaipiga torpedo mbili. Dakika mbili tu, imezama! Kwenye Lusitania angalau mashua sita zilishushwa salama. Huku, wengi waliokuwa sitaha za chini hawakuwahi hata kupanda ngazi. Kisha manowari za Waingereza zikadondosha mabomu kuiwinda nyambizi, manusura wakiwa bado wanaelea palepale.

Walikufa karibu 1,300, wengi kuliko wa Lusitania. Inaniuma kwamba ni ndugu zetu hawa tunaowataja kwa nadra.