Amplifaya ya valvu ya mwaka 1964 kwa akodiani ya kielektroniki: tathmini ya mnunuzi

Akodiani ya kielektroniki ya miaka ya 1960 ni ala yenye viungo vitatu, na anayetaka kununua amplifaya yake ya valvu (mirija ya kioo inayokuza ishara ya umeme) hana budi kulielewa hilo kabla ya kutoa fedha. Chini ya vibao na vitufe vyake mna swichi ndogondogo. Mpigaji anapobonyeza, ishara husafiri kwa kebo nene hadi kwenye sanduku la kuzalisha sauti, na sanduku hilo ndilo linaloilisha amplifaya. Katika seti za Cordovox, zilizouzwa na Chicago Musical Instruments katika miaka ya 1960, saketi za kuzalisha sauti zilitokana na vinanda vya Lowrey, kampuni iliyokuwa chini ya mmiliki huyohuyo. Mimi nilihitaji kiungo cha tatu peke yake, kwa sababu akodiani na sanduku lake nilikuwa navyo tayari. Asiye na viwili hivyo asidhani kwamba amplifaya itamfungulia njia rahisi ya kuvipata, kwani kebo na sanduku ndivyo vinavyoadimika zaidi.

Muuzaji aliniambia kwamba kifaa hiki ni cha miaka ya 1950. Nilimwomba picha za ndani, nami nawasihi wanunuzi wengine wasiache kufanya hivyo, kwa maana tarehe huwa imeandikwa humo. Mgongoni mwa potenshiometa (kidhibiti cha kuzungusha, kama kile cha sauti) palikuwa na namba 1376418: 137 ni alama ya kiwanda cha CTS, 64 ni mwaka, na 18 ni wiki. Spika ya inchi 12 ilikuwa na namba 220417, ambapo 220 ni alama ya kampuni ya Jensen, 4 ni tarakimu ya mwisho ya mwaka, na 17 ni wiki. Namba ya spika peke yake ingeweza kusomeka 1954 au 1964, lakini potenshiometa iliondoa shaka. Zaidi ya umri, namba hizo zilinionyesha kwamba spika haikubadilishwa, jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko ngozi ya nje iliyochubuka.

Maelezo ya muuzaji yalisema kwamba amplifaya “inafanya kazi vizuri”. Ilipowashwa ilitoa mvumo mzito hata sauti ilipopunguzwa hadi mwisho, na fundi akatambua mara moja kwamba kapasita za kuchujia umeme (vipande vinavyohifadhi chaji) zilikuwa zimekauka. Sikushangazwa na uchakavu huo, kwa kuwa kapasita za aina hiyo huzeeka hata kifaa kikikaa kabatini. Kilichonisikitisha ni kwamba muuzaji hakuutaja. Kosa la hatari zaidi lilikuwa kwenye waya wa umeme. Plagi ilikuwa ya pini mbili, na kapasita moja iliunganisha njia ya umeme na bati la amplifaya. Kapasita hiyo ikiungua vibaya, bati lote hupata umeme, naye mpigaji amejifunga ala iliyounganishwa nalo kwa kebo. Fundi aliiondoa kapasita hiyo, akaweka waya wa pini tatu wenye ethi. Mtu asiye fundi asithubutu kufungua kifaa cha namna hii, kwa sababu volti 400 na zaidi zinaweza kubaki ndani hata baada ya plagi kuchomolewa.

Kwa umeme wa volti 230 ilihitajika pia transfoma ya kushusha hadi 117. Transfoma hiyo haibadilishi hezi 50 kuwa 60, kwa hiyo transfoma ya ndani hupata joto kiasi; nimejizoesha kuipumzisha baada ya saa mbili.

Sauti yake ndiyo iliyonifanya nisijutie usumbufu wote huo. Valvu mbili za 6L6 husukuma besi ya mkono wa kushoto bila kukwaruza, hata ninapobonyeza kodi nzima (noti kadhaa kwa pamoja) juu yake, na noti za juu hubaki laini, hazichomi sikio. Nimewahi kupitisha sanduku lilelile kwenye amplifaya ya gitaa, na besi ikavurugika mapema mno. Sababu moja iko pale ishara inapoingilia: valvu ya kwanza ya kifaa hiki ni 12AU7, yenye ukuzaji wa takriban 20, ilhali amplifaya nyingi za gitaa hutumia 12AX7 yenye 100. Ishara ya sanduku ina nguvu ya kutosha na haihitaji kusukumwa hivyo. Rafiki yangu mpiga gitaa aliijaribu akaiona dhaifu na isiyo na ukali. Kwa gitaa lake nakubaliana naye, lakini namsihi yeyote mwenye mawazo kama yake asibadilishe saketi hiyo, kwani amplifaya hizi zinapogeuzwa kuwa za gitaa, sisi wapiga akodiani hupoteza kifaa kisichotengenezwa tena.

Upungufu uliobaki ni uzito, ambao kwa mtu mmoja ni mateso, na tremolo (mtetemo wa sauti), ambayo kasi yake ya chini kabisa bado ni ya haraka kwa nyimbo za polepole. Fundi amepima sehemu zake zote akaziona nzima, kwa hiyo tremolo hiyo nimeiacha kama ilivyotoka kiwandani. Kapasita za zamani nimezifunga kwenye mfuko ndani ya kabati lake, pamoja na karatasi inayoeleza kila kilichobadilishwa, ili atakayeinunua kwangu asilazimike kukisia.